Chachu Ile Ile

Mama mwenye mgahawa wa Area 18, Lilongwe, aliniomba sentensi tatu tu. Alikuwa ameonja mkate wetu wiki mbili mfululizo. Aliukata katikati, akaangalia mashimo yake kama daktari anavyoangalia picha ya mapafu, kisha akasema anataka kuuweka mezani kila Ijumaa, pamoja na kadi ndogo ya kueleza chachu yake ilitoka wapi.

"Ulisema ilitoka Bukavu," aliniambia.

"Ndiyo."

"Chachu yenyewe? Ile ile?"

"Ile ile."

Tuliongea kwa Kichewa changu cha kuungaunga na Kiingereza chake cha haraka, lakini hapo hakukuwa na neno lililopotea. Alinitazama. Akanieleza kwamba mwaka uliopita mtu mmoja alimletea asali ya msituni, naye akaiandikia kadi nzuri, mpaka siku mgeni mmoja mfugaji wa nyuki alipoionja akacheka mbele ya meza nzima. Ilikuwa sukari iliyochemshwa.

"Watu wa Bukavu wanakuja kula hapa," alisema. "Kadi hiyo utaweza kuisoma mbele yao? Kama si kweli, niambie tu, mkate nitauchukua hata bila hadithi. Lakini ukiniandikia uongo, sitachukua tena hata kipande. Lete Ijumaa ijayo."

Mtu mwingine angetoka pale akipiga mluzi. Mimi nilitoka na kikapu kitupu, bila mluzi, kwa sababu nilikuwa nimesema ndiyo kuhusu jambo ambalo kwa wiki kadhaa sikuwa nalisadiki. Nilikuwa nashuku kwamba chachu iliyokuwa nyumbani kwetu haikuwa tena ile ya mama. Mtu alikuwa ameibadilisha.

Najua jinsi linavyosikika. Nani aibe unga uliochacha, aweke mwingine mahali pake? Lakini mimi ni mtu wa kusoma ujumbe mmoja mara tano nikitafuta kilichojificha chini yake. Nimemaliza chuo kwa kompyuta hapa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, shahada yangu imo ndani ya bahasha ya plastiki chini ya godoro, na kwa kuwa kazi ya shahada hiyo bado haijaonekana, napeleka mikate ya mama Lilongwe kila Ijumaa. Majirani wananiita Lisansye, jina ambalo kwetu Kongo hupewa aliyemaliza chuo kikuu. Wanalitamka kwa heshima nikipita asubuhi na kitabu, na kwa kicheko nikipita na kikapu.

Chachu yetu inakaa kwenye chupa ya mayonezi juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa chepesi. Ni unga wa ngano na maji, basi. Mama huilisha kila asubuhi: anatoa sehemu, anatia unga mpya na maji ya uvuguvugu, anakoroga kwa mpini wa mwiko. Baada ya saa chache inapanda, inajaa mapovu, halafu inashuka tena kama mtu aliyechoka. Hamira ya dukani, ambayo sisi tunaiita levire, mama haitaki. Anasema mkate wa levire unakua kabla haujapata akili. Chachu yake anaiita mama ya mukate, na ukisikia nyumbani kwetu mtu akiuliza "Mama alikula?" lazima kwanza uulize ni mama yupi.

Hadithi nilikua nayo. Bibi, mama yake mama, alifanya kazi jikoni kwa masista kule Bukavu. Mkate wa masista ulikuwa na ganda gumu na ladha ya ukali kidogo, na chachu yake iliishi ndani ya mtungi. Bibi aliibeba kijiko kimoja, akaipeleka nyumbani Kadutu, akaitunza. Levire ilipokosekana madukani na waoka mikate wengine wakakaa mikono mitupu, nyumbani kwa bibi mkate uliendelea kupanda. Vita vilipowafukuza, mama aliondoka akiwa msichana, na chachu akaondoka nayo.

Hapo ndipo niliposhindwa. Aliondoka nayo vipi?

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kila nilichoweza kukipata juu ya mkate wa chachu. Nilisoma kwamba watu wa Misri ya kale walikuwa nao, na kwamba huenda wa kwanza alikuwa mtu aliyesahau tu donge lake mahali penye joto, akarudi akakuta limevimba, na badala ya kulitupa akalichoma. Nilisoma kwamba hamira ya viwandani ni ya juzi tu, na kabla yake kila mkate uliovimba duniani ulivimbishwa na kitu kama chupa yetu. Nilisoma pia kwamba chachu mbichi ikisafirishwa kwenye chombo kilichofungwa hupasua chombo, na isipolishwa siku nyingi kwenye joto hufa. Mama alitembea, akapanda mashua, akapanda lori, akakaa Tanzania, akashuka mpaka Malawi. Nilipiga hesabu ya siku. Haikuingia akilini.

Siku moja nilimsomea habari za Misri akiwa anapepeta unga.

"Misri?" akasema. "Bana Israeli balitoka kule bila chachu. Haraka ilikuwa mingi."

"Na we, mama? Hukukuwa na haraka?"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa ulibeba aje?"

"Nilibeba tu, papa."

Kwetu mama humwita mwanawe papa akimpenda, na pia akitaka anyamaze. Nilisikia ile ya pili. Alikung'uta chekeche mara mbili, ingawa halikuwa na kitu tena.

Kisha kukawa na harufu. Tangu utoto wangu chupa ile ilinuka maziwa ya mgando na kitu kama ganda la tofaa. Katika majira ya baridi, baada tu ya sherehe yangu ya kuhitimu, nilifungua kitambaa nikapata harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nilifikiri ni pua yangu. Kesho yake ilikuwa vile vile. Nikaanza kuweka daftari. Nilizungushia chupa mpira mahali chachu ilipoanzia, nikaandika saa ya kulisha na saa ya kufika juu. Wakati wa mitihani nilikuwa nimewahi kuipima hivyo hivyo, kwa kutafuta sababu ya kutosoma, na ilikuwa inachukua saa sita. Sasa ilichukua saa nne, tena kwenye baridi. Kiumbe mzee hakimbii ghafla.

Nilimwuliza shemeji yangu, mke wa kaka, anayeishi nasi na kumsaidia mama kuoka.

"Shemeji, unaona chachu imebadilika?"

Alikuwa anapanga makaa. Pipa letu la kuokea limekatwa nusu, makaa yanakaa chini na mengine juu ya bati la kufunikia. Alipuliza moto ambao ulikuwa tayari unawaka.

"Mi siangaliake mambo ya chachu," alisema.

Anaiangalia kila siku! Niliandika hilo pia kwenye daftari, nikalipigia mstari.

Na kulikuwa na jirani. Yeye anatoka Fizi, Kongo hiyo hiyo, amepakana nasi ukuta kwa ukuta, anauza mandazi karibu na pampu ya maji, na katika kikundi cha akina mama kanisani anakaa benchi moja na mama. Wanapendana kwa kutaniana. Mama husema bantu ya Fizi banajua mihogo tu, mukate hapana. Jirani humjibu kwamba bantu ya Bukavu banakula Kifaransa na kulala njaa. Lakini tangu ile baridi niliwaona mara mbili wakiongea pampuni vichwa vimekaribiana, na nilipofika na ndoo wakaanza kusifu kwaya. Kwaya yenyewe Jumapili hiyo ilikuwa imeimba vibaya sana.

Nilirudi kutoka Area 18 nikiwa na kadi tupu mfukoni na siku saba mbele yangu. Nyumbani niliwaeleza habari ya kadi, shaka yangu nikaificha.

Jumanne niliingia kwa jirani kuazima chekeche, letu likiwa limetoboka. Hakuwepo ndani, alikuwa nyuma anaanua nguo, akaniambia kwa sauti nijichukulie. Nilinyoosha mkono kwenye rafu. Kando ya chekeche kulikuwa na kopo la majarini limefunikwa sahani. Sikulitafuta, naapa, ila pua ilifika kabla ya mimi. Nikainua sahani. Ndani kulikuwa na donge jepesi lenye mapovu, na harufu ilikuwa ile ile ya ndizi iliyolala, ile ile iliyokuwa juu ya kabati letu.

Nilirudi nyumbani nimebeba chekeche kama mtu aliyebeba ushahidi. Nikakaa kitandani nikapanga kila kitu. Aliingia kwetu wakati wa sherehe, nyumba ikiwa imejaa watu. Alichukua chachu yetu. Kwa nini akaacha yake? Ili tusigundue. Kwa nini mandazi yake yamekuwa na wateja wengi siku hizi? Jibu liko wazi. Kwa nini mama anamnong'oneza? Hapo nilikwama kidogo, kisha nikapata: mama amegundua, anaona aibu, anabembeleza arudishiwe kimya kimya. Nilivyoendelea kufikiri ndivyo kila kitu kilivyozidi kufungana, na kila kilipofungana nilizidi kuogopa, maana Ijumaa ningeandika nini? Kwamba chachu ya Bukavu iko, ila iko kwa jirani?

Alhamisi ni siku ya kuoka. Asubuhi donge lilikuwa limeshapumzika, mama alikuwa anaunda mikate juu ya meza iliyonyunyizwa unga, shemeji yuko kwenye pipa. Jirani akaja kuchukua chekeche lake. Alisimama uani mkono kiunoni.

"Lisansye, chekeche yangu ilishapata diplome?"

Shemeji alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa upole, kwa kuzunguka, kama wanavyosema wazee kanisani. Badala yake nikamgeukia jirani, nikasikia mdomo wangu unasema:

"Mama, ile chachu iko ndani ya kopo yako ni yetu."

Nilitegemea akane. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila namna ya kukana.

"Eee," alisema. "Ni yenu. Unaitaka?"

Nikapoteza mstari.

"Uliichukua lini?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

Alimtazama mama, naye mama aliendelea kukunja donge chini ya viganja vyake, pembe hii ndani, pembe ile ndani, hakuinua kichwa. Mtu mwenye busara angenyamaza hapo. Mimi nilisonga mbele.

"Na hii iko ku kabati yetu ni ya nani? Ulibadilisha siku ya fete yangu. Inanuka ndizi. Kwako pia inanuka ndizi. Niliandika kila kitu."

"Aliandika!" Jirani aliwageukia wengine. "Munasikia? Miaka yote ya masomo, ili aandike kwamba mi niko mwizi ya unga ya kuchacha." Alikuwa bado anatania, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kukauka. "Mutoto, mi nilikubeba mugongo ukiwa na surua."

"Mama, sisemi ni mwizi..."

"Umesema."

"Nimesema umebadilisha."

"Basha!" Shemeji alitupa koleo la makaa chini. Kaka huwa anamcheka kwa neno hilo, ambalo kwao halina maana yoyote ila kwamba amefika mwisho. "Basi, shemeji. Ni mi. Ni mi nilipika mama ya mukate."

Tulimtazama wote. Machozi yalikuwa yanamtoka, na wakati huo huo alikuwa anataka kucheka, maana neno lilivyotoka ni kama alikuwa amemtia mama chunguni.

Alieleza. Asubuhi ya sherehe yangu baridi ilikuwa kali, ile baridi ya hapa Dzaleka inayofanya pumzi ionekane. Chachu ilikuwa imelala, haipandi, na mikate ya wageni ilitakiwa. Akaiweka chupa juu ya bati la pipa ipate joto, dakika chache tu. Kisha wakamwita kuvaa. Aliporudi chachu ilikuwa imeiva, ina ganda juu, imeshika chupa kama uji uliosahauliwa. Alimwendea mama akapiga magoti.

"Na mama akaniambia, usilie, iko ingine ku kitambala," alisema. Halafu akaniangalia, akarudi hatua moja kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Kitambala gani?" niliuliza.

Mama aliweka donge chini. Akajipangusa unga mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Ile ulifula," alisema.

Nilikikumbuka mara moja. Kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake miaka yote, kitambaa cha kichwani cha kizamani chenye maua ya bluu, kigumu kama ngozi iliyokaushwa. Siku mbili kabla ya sherehe nilikuwa nimesafisha nyumba nzima. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi, nikaiweka kwenye usafi. Nilipokikunja kililia kama karatasi, unga mweupe ukadondoka, nikafikiri ni wanga wa zamani na uchafu. Nikakifua kwa sabuni ya kipande, maji matatu. Maji ya kwanza yaligeuka meupe kama uji mwepesi. Nakumbuka nilivyoyamwaga na kuona fahari. Nakumbuka pia mama aliporudi akakikuta kwenye kamba, laini, maua yamefunguka. Alikishika. Akakinusa. Akasema, "Aksanti, papa. Imetakata." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri moyoni kwamba angeweza kunishukuru kwa maneno mengi zaidi kidogo.

Kilikuwa cha bibi, mama alieleza. Siku ya kukimbia, bibi alichovya vidole ndani ya chachu, akakipaka kitambaa chote, akakianika kivulini mpaka kikakauka, akamfunga binti yake kichwani. Bibi mwenyewe hakuondoka, miguu haikumruhusu. Mama alivuka na chachu kichwani. Mizigo yake ilipekuliwa mahali pengi. Kichwa cha msichana anayelia hakuna aliyekipekua. Alipopata unga na mahali pa kuketi, alikwangua kipande kidogo, akakitia kwenye maji ya uvuguvugu na unga, akasubiri siku tatu, ikaamka. Kila mwaka tangu hapo amekuwa akikipaka upya na kukianika, kwa ajili ya siku chupa itakapovunjika.

"Kwa nini hukuniambia?" niliuliza.

"Ungesema ni buchafu. We unasomaka mambo ya mikrobe."

Ni kweli, ningesema.

"Na nilipofula?"

"Ulikuwa unaenda kuvaa ile kanzu nyeusi na ile kofia." Alisema hivyo tu, kama vile jibu limetimia. Baadaye ndipo nilipohesabu: kitambaa nilikifua kabla, chupa iliungua asubuhi yenyewe ya sherehe. Kwa hiyo mama alimtuliza shemeji kwa kitambaa alichojua kimeshafuliwa, kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, akapiga vigelegele nilipoitwa, akijua kwamba chachu ya mama yake imekwisha, na kwamba mimi ndiye niliyeimalizia kwa sabuni. Kwenye picha anacheka. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi tangu siku ile, nikitafuta mahali anapojifanya. Sijapaona.

"Sasa hii ilitoka wapi?" Niliuliza kwa sauti ndogo, nikiwa tayari ninajua.

"Ah, sasa njo zamu yangu," jirani alisema. Alivuta ndoo tupu akaigeuza, akaiketia. "Wakati nilifika hapa, mama yako alinipa kijiko moja ndani ya kopo. Levire ilikuwa imepotea ku maduka. Halafu akanicheka miaka yote, ju mi naikulishaka unga na ndizi ya kuiva. Eti chachu haikule ndizi! Unaiharibu! Si ulisema?"

"Nilisema," mama alijibu.

"Kesho yake ya fete, naona Bukavu imesimama ku mulango yangu. Inaongea baridi. Inaongea kwaya. Inaongea bei ya makaa. Mi najua iko kitu, nanyamaza tu, nasikia raha. Mwisho akasema: ile kitu nilikupa, iko bado?"

"Nyamaza weye," mama alisema, lakini mabega yalikuwa yameanza kumtikisika.

"Bukavu ilikuja kuomba mukate kwa Fizi!"

Walicheka wote watatu, shemeji akiwa bado na machozi. Mimi nilisimama katikati yao na daftari langu la saa na harufu, ambalo kila mstari wake ulikuwa wa kweli na jumla yake ilikuwa uongo. Nilimwomba jirani msamaha. Nilianza kwa maneno marefu, akanikatiza.

"Hapana. Ulisema mbele ya bantu, utarudisha mbele ya bantu. Ile karatasi ya Lilongwe, utaniandika mule."

"Iko na sentensi tatu tu, mama."

"Basi mi naomba moja."

Jioni kabla ya jua kuzama nilikaa na kadi. Wasiwasi wangu haukuwa umekwenda popote, ulikuwa umebadilisha swali tu. Chachu iliyolishwa ndizi miaka yote hiyo, mikononi mwa mtu mwingine, ni ile ile? Hata ile ya kwetu, mama alikuwa anatoa sehemu na kutia unga mpya kila siku. Punje ya kwanza ya Bukavu ilikuwa imetoka zamani sana. Nimesoma kwamba viumbe vidogo vya kwenye viganja vya mwokaji huingia ndani ya chachu yake, na vya chachu huhamia viganjani. Nilimweleza mama hayo. Alikuwa anapanga mikate kwenye kikapu, ganda likiwa bado linalia tik, tik, kama linavyofanya likipoa.

"Mama, ni ile ile kweli?"

"Eee, njo ile ile."

"Unajua aje?"

"Nilimwona akiipokea," alisema, akionyesha ukuta wa jirani kwa kidevu. "Mi njo nilimupa."

Ijumaa nilimpa mama wa Area 18 kadi. Nilikuwa nimeiandika kwa Kiingereza, lakini hivi ndivyo ilivyosema: Chachu ya mkate huu ilitoka Bukavu, imepakwa kwenye kitambaa cha kichwani. Hapa Malawi ilikufa kwa makosa yetu wenyewe. Iliyopandisha mkate huu ni kijiko ambacho jirani, mama wa Fizi, alikuwa amepewa zamani na akakitunza kwa ndizi.

Alisoma amesimama. Akarudi juu, akasoma tena, na mimi nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Makosa yenu yapi?" aliuliza.

"Shemeji yangu aliichoma. Mimi nilifua kitambaa."

"Na huyu jirani. Anajua umemwandika?"

"Yeye ndiye aliyedai. Nilimwita mwizi."

Alivunja kipande cha ganda akakitafuna polepole, akinitazama kwa lile jicho la mtu aliyewahi kuuziwa sukari.

"Nilikuwa najiuliza hiyo ndizi inatoka wapi," alisema. Akachukua kadi, akaisimamisha kwenye kikapu cha mkate, akanishukuru kwa Kichewa akirudi jikoni. "Zikomo. Ijumaa ijayo lete miwili zaidi."

Kitambaa kimerudi kwenye msumari. Mama alikipaka mwenyewe Jumamosi, mimi nikashika pembe mbili na jirani pembe mbili, tukakianika kivulini upande wa ukuta wake, kwa sababu upande wetu, jirani alisema, kuna mtu wa sabuni. Siku ya kufua shemeji hupaza sauti kutoka uani kabla sijagusa ndoo: "Lisansye! Angalia kwanza!" Naangalia. Kisha narudi kuangalia tena kama kweli niliangalia.